Umeishinda Serikali kortini. Sasa nani atakulipa?

Yule mama alikuja ofisini mvua ikinyesha, hukumu yake ameizungushia leso isilowe. Hata kiti hakukikalia vizuri.

"Mwanangu, dalali anakwenda lini?"

Mume wake aligongwa na gari la GK, yaani la Serikali ya Kenya, upande wa Likoni. Kesi ilichukua miaka minne, tukashinda. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike.) Sasa alitaka siku na saa, aende akasimame kando aone madalali wakilivuta gari la ile wizara kwenda yadi. Hoja yake ilikuwa na mantiki kuliko sheria yenyewe. Jirani yake alishindwa kulipa mkopo wa shilingi elfu thelathini, wakaja vijana wakabeba friji, televisheni na makochi. Ikiwa elfu thelathini inabeba friji, milioni mbili si itabeba lori?

Nikamwambia hakuna dalali. Nafanya kesi za madai hapa Mombasa mwaka wa 17 huu, na sentensi hiyo bado inanikwama kooni kila ninapomwambia mteja.

Kinachomzuia dalali ni kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40. Kifungu kidogo cha nne kinapiga marufuku kukamata au kupiga mnada mali ya Serikali kwa ajili ya hukumu, na kinasema pia hakuna mtu binafsi atakayebebeshwa deni ambalo Serikali imeamriwa kulipa. Kaunti nazo zimeingizwa chini ya mwavuli huo huo. Mfano wa sheria yetu ulitoka Uingereza, ambako mpaka mwaka 1947 ilikuwa shida hata kumshtaki Mfalme kwa kosa la mtumishi wake. Mantiki yake naielewa. Hakuna anayetaka ambulansi inadiwe ilhali mgonjwa yumo ndani. Lakini kati ya ambulansi na kutolipa kabisa kuna nafasi pana, na humo ndimo wateja wangu wanamozeekea.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu wengi huniuliza kwa nini nisimfuate dereva tu. Dereva tulimshtaki, na Mwanasheria Mkuu pamoja naye kwa niaba ya Serikali. Mtumishi akikosea akiwa kazini, mwajiri hubeba kosa lake, na kifungu cha 4 kinaiweka Serikali katika nafasi ya mwajiri kama bepari yeyote. Ndiyo maana maswali marefu siku ya kesi huwa juu ya jambo moja: siku ile dereva alikuwa anakwenda wapi? Akiwa anapeleka faili Kwale, Serikali imo. Akiwa anapeleka mkaa wa shemeji yake, Serikali itajaribu kunawa mikono. Polisi wana kinga ya ziada, maana sheria yao inamlinda afisa aliyetenda kazi yake kwa nia njema. Kwa huyu wetu, hukumu ilimtaja dereva kwa jina na kinadharia ningeweza kuifuata pikipiki yake. Ningepata pikipiki. Mama angepata nini?

Jambo moja nalisema haraka lakini lisikupite: ukiumizwa na mtumishi wa Serikali una miezi 12 tu ya kufungua kesi ya madhara. Ukivunjiwa mkataba, miaka mitatu. Hiyo ni Sura ya 39, sheria inayoweka ukomo wa muda wa kuishtaki Serikali. Watu huja kwangu mwezi wa kumi na nne, majeraha yamepona, kesi imekufa.

Haya, hukumu unayo. Hatua inayofuata ni karatasi moja inayoitwa cheti cha amri dhidi ya Serikali. Unaiomba masijala siku 21 zikishapita tangu hukumu, au gharama za kesi zikishakadiriwa, lolote litakalochelewa zaidi. Haina mbwembwe: jina la mdai, namba ya kesi, kiasi cha pesa, riba, sahihi ya msajili na muhuri. Chako mwenyewe kikague tarakimu kwa tarakimu kabla hujatoka dirishani. Niliwahi kupewa cheti kilichoandikwa 200,000 mahali pa 2,000,000, na kukirekebisha kulinichukua muda mrefu kuliko kukipata. Kisha unampelekea Mwanasheria Mkuu, anapiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na nakala hiyo unaitunza kuliko hati ya shamba. Bila cheti, na bila ushahidi kwamba kilipokelewa, hakuna jaji atakayekusikiliza baadaye.

Sheria inasema afisa mhasibu wa idara husika "atalipa". Watanzania wana neno linalonipendeza zaidi kwa cheo hicho: afisa masuuli. Asili yake ni Kiarabu, mwenye kuulizwa. Kwa wizara zetu mwenye kuulizwa ni Katibu wa Wizara. Sheria ina anayeulizwa, ina kiasi, ina karatasi. Tarehe ndiyo haina. Soma kifungu chote cha 21 juu hadi chini, hutaona mahali pameandikwa alipe ndani ya siku ngapi. Kwa hiyo unaandika barua. Unajibiwa kwamba suala lako limepelekwa kitengo cha fedha. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, mpya unafunguliwa Julai 1, na deni lako halimo katika huo wala huu.

Huku riba inatembea. Chukua hukumu ya milioni mbili yenye riba ya asilimia 12: kila mwezi inaongezeka shilingi 20,000, na baada ya miaka minane na miezi minne riba imelingana na deni lenyewe. Pesa hiyo hatoi Katibu wala dereva. Unatoa wewe, mlipa kodi.

Wasipolipa unarudi Mahakama Kuu kuomba mandamus, yaani amri ya kumlazimisha ofisa atimize wajibu aliopewa na sheria. Njia hii ina umri katika Afrika Mashariki. Mahakama Kuu ya Uganda iliitumia mwaka 1970 dhidi ya ofisa wa hazina aliyekalia deni la hukumu, na mawakili wa Kenya wanaitegemea mpaka leo. Kesi yako haisikilizwi upya. Jaji anatazama hukumu, cheti, ule muhuri wa kupokea, na kama pesa imelipwa. Wakili wa Serikali akisema bajeti haikutosha, mara nyingi anajibiwa kwamba huo si utetezi.

Na wakipuuza mandamus? Hapo ndipo sheria inapochekesha. Unaomba Katibu aitwe ajieleze kwa nini asifungwe kwa kudharau mahakama. Angalia vizuri: korti haiwezi kuuza kiti anachokalia, lakini yeye aliyekikalia inaweza kumpeleka jela. Mwili wake uko wazi, fanicha yake ina kinga.

Kwa mama wa Likoni tulifika huko. Wiki mbili kabla ya tarehe, Katibu akahamishwa. Aliyekuja akaapa kwamba hakuwahi kuiona amri hiyo, na alikuwa anasema kweli. Dharau ya mahakama ni kosa la mtu, haliachwi mezani pamoja na kalamu. Nikaanza tena kumpelekea karatasi huyu mpya.

Utauliza, hakuna njia ya kumfikia aliyesababisha hasara? Ibara ya 226(5) ya Katiba ya 2010 inasema ofisa anayeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria atawajibika mwenyewe kwa hasara hiyo. Ni maneno makali. Lakini riba iliyotokana na barua iliyolala kwenye trei miaka mitatu, sijawahi kuona ikidaiwa kwa mtu. Sisi si wa kwanza. Marekani, utafiti wa 2014 kuhusu polisi ulikuta kwamba katika pesa zote walizolipwa wadai, maafisa wenyewe walichangia asilimia 0.02. Zilizobaki zilitoka kwa umma.

Pesa ya mama iliingia siku ya Alhamisi, mwishoni mwa Juni, bila barua wala simu. Tulijua kwa ujumbe wa benki. Nilipompigia alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna hatari ya kurudishwa.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye feri nikivuka, nikasikia mtu ananiita. Alikuwa yule dereva, amevaa sare, bado kazini. Tangu siku aliyotoa ushahidi, hakuna ofisi iliyomwandikia hata mstari mmoja.

"Wakili," akasema, "ile kesi iliishia wapi?"