Chaji, chaja na betri ya simu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Simu mpya ikiingia nyumbani, mashauri huja kutoka kila upande: ichaji saa nyingi kabla ya kuiwasha, iache iishe kabisa ndipo uchomeke, usilale ikiwa kwenye umeme. Mengi ya hayo yalihusu betri za zamani, nasi tumeyarithi bila kuuliza. Betri iliyomo kwenye simu yako ni ya lithiamu-ayoni, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991 na iliyowapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Inachakazwa hasa na mambo mawili: joto, na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa au imeisha kabisa. Karibu kila dhana iliyo hapa chini inapimwa kwa mambo hayo mawili.

"Simu mpya ichajiwe saa 8 kwanza, na kila siku isubiri iishe"

Enzi za betri za nikeli ushauri huu ulikuwa na mantiki. Chaja nyingi za betri hizo zilisukuma mkondo mdogo, kama sehemu ya kumi ya uwezo wa betri, kwa hiyo kujaa kulichukua saa 14 hadi 16. Na zile za nikeli-kadimiamu zikichajiwa mara kwa mara kabla hazijaisha, zilizoea hivyo na kuanza kutoa uwezo pungufu.

Lithiamu haina tabia hiyo. Ukichomeka simu, sakiti ya chaji iliyo ndani ya simu yenyewe husukuma mkondo mkubwa mpaka volti za betri zifike kikomo: 4.2 kwa betri za zamani, karibu 4.4 au zaidi kidogo kwa za sasa. Hapo kioo kinaonyesha kama 70% au 80%. Kuanzia hapo volti zinashikiliwa palepale na mkondo unapungua taratibu, ndiyo maana asilimia 20 za mwisho huchelewa sana. Kwenye betri ya mAh 5,000 (miliampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri), mkondo ukishuka hadi karibu mA 250 (miliampea), sakiti inakata. Saa zinazofuata haziongezi kitu.

Kuimaliza mpaka izime kila siku ndiko kunakoizeesha. Mzunguko mmoja wa chaji ni 100% zilizotumika kwa jumla. Ukitumia 50% leo ukajaza, na 50% kesho ukajaza, umehesabiwa mzunguko mmoja tu, kwa hiyo kuchaji kidogo kidogo hakukuli "idadi" ya mizunguko ya betri. Sheria za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 20, 2025 zinataka betri ya simu ibaki na angalau 80% ya uwezo wake baada ya mizunguko 800, na Apple inasema betri za iPhone 15 na za baada yake zimeundwa kufikisha 1,000. Anayetumia simu yake kati ya 30% na 80% ana nafasi nzuri ya kupita hapo. Kuishusha mpaka sifuri kuna faida moja: kama asilimia zinaruka ovyo, imalize mara moja, kisha ijaze mpaka 100% bila kuikatiza, na kipimo cha simu kitajirekebisha.

"Kuchaji usiku kucha kunaifanya ijae kupita kiasi"

Haiwezi kujaa kupita kiasi, sakiti imeshakata. Lakini msije mkalala kwa amani mapema: tatizo lipo, ila ni la joto. Kwa makadirio, betri iliyojaa 100% ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 hupoteza karibu 20% ya uwezo wake. Kwenye nyuzi 40 hupoteza karibu 35%. Ikikaa na 40% za chaji, hasara ni kama 4% kwenye nyuzi 25 na 15% kwenye nyuzi 40. Linganisha namba hizo na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, simu ikiwa ndani ya kava nene la mpira, chini ya mto. Mto na godoro pia hushika moto kirahisi ikitokea hitilafu. Iweke juu ya meza au sakafuni, toa kava ukiona inapata moto, na washa kikomo cha chaji. iPhone 15 na kuendelea zina kikomo cha 80%, na Samsung pamoja na simu nyingi za Android zina chaguo kama hilo kwenye mipangilio ya betri.

Wanaoumizwa zaidi na joto ni madereva wa bodaboda wanaopokea abiria kwa programu. Simu imefungwa kwenye usukani juani, mwangaza wa kioo uko juu kabisa, data na ramani zimewashwa, na waya wa chaja unatoka kwenye betri ya pikipiki. Kila kimoja kinazalisha joto lake, na jua linaongeza. Simu ikizidi joto hupunguza chaji yenyewe, kisha mtu anadhani chaja ni mbovu na kununua yenye nguvu zaidi. Tiba ni kivuli: kishikio chenye kofia ndogo juu, simu bila kava, na kuchaji wakati umesimama kijiweni badala ya kuchaji ukiwa barabarani. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kuwa mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kamera unaotuliza picha. Kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo kinasaidia.

"Chaja yenye wati nyingi itaiunguza simu"

Simu ndiyo inayoamua ichukue umeme kiasi gani. Chaja ya wati 65 ikichomekwa kwenye simu inayopokea wati 18, itatoa 18 au chini yake. Chaja za USB-C huanza na volti 5, na hupanda hadi 9, 15 au 20 pale tu simu inapoomba. Wasipoelewana, wanabaki kwenye volti 5. Waya nao una mipaka: wa USB-C wa kawaida hubeba ampea 3, na ili kupita hapo lazima uwe na chipu ndogo inayojitambulisha. Ndiyo maana chaja inaweza kuwa orijino na bado simu ikachelewa kujaa. Jaribu waya mwingine kabla hujaenda kwa fundi.

"Chaja kutekenya ni kawaida" na "kioo kikijibonyeza, simu imerogwa"

Hapa pana ukweli nusu. Chaja nyingi za pini mbili hazina njia ya kwenda ardhini, na ndani yake kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa volti 230 na upande wa volti 5 ili kupunguza kelele za umeme. Kapasita hiyo hupitisha mkondo mdogo sana. Kwa chaja za aina hii kiwango cha usalama hakizidi mA 0.25. Ukiwa peku kwenye sakafu yenye unyevu, unausikia kama mtekenyo kwenye fremu ya chuma. Huo hauui.

Chaja feki ni habari nyingine. Ndani ya chaja nzuri, upande wa umeme wa ukutani na upande wa simu vimetenganishwa kwa milimita 5 hadi 8 kwenye bodi, mara nyingi pakiwa pamekatwa mwanya kabisa, na transfoma imefungwa kwa utepe wa kuhami. Kwenye baadhi ya chaja feki nafasi hiyo ni chini ya milimita 1. Unyevu kidogo au mende mmoja akipita hapo, volti 230 zinafika kwenye simu uliyoshika. Kama chaja inakurusha mkono badala ya kutekenya, au inanuka plastiki iliyoungua, itupe leo, na kata pini ili asiiokote mwingine.

Kioo kujibonyeza wakati wa kuchaji nako hutokana na kelele za umeme kutoka chaja mbovu zinazochanganya kioo cha kugusa. Chomoa. Kikitulia, kosa ni la chaja.

Na ule mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ya pini tatu ili plagi ya pini mbili za duara iingie, tuuache kabisa. Tundu la juu hufungua vifuniko vya matundu yenye umeme, na pini nyembamba za duara zinakaa kwa kulegea humo. Mguso uliolegea unapata joto, kisha soketi inayeyuka. Adapta nzuri ni bei ndogo kuliko soketi mpya.

"Pawabenki ya mAh 20,000 inajaza simu ya mAh 5,000 mara nne"

Inajaza kama mara tatu, na hapo hujaibiwa. Namba iliyoandikwa ni ya seli za ndani zenye volti 3.7. Zidisha 20,000 kwa 3.7, ugawe kwa 1,000, upate saa-wati 74, yaani nishati yote iliyomo. Kupandisha volti hadi 5 kunapoteza kama 15%, zinabaki 63 hivi. Simu yenyewe inapochaji inapoteza kama 12% nyingine, zinabaki 55. Betri ya mAh 5,000 yenye volti 3.85 inahitaji saa-wati 19. Gawanya, unapata 2.9. Watengenezaji waaminifu huandika kwa herufi ndogo uwezo halisi wa kutoka kwenye volti 5, kama mAh 12,000 hivi.

Uongo mtupu upo kwenye zile za "50,000" zinazouzwa bei ya chakula cha mchana. Mizani ya duka inatosha kuugundua. Seli ya duara aina ya 18650 ina uzito wa karibu gramu 46, na zilizo bora kabisa hufika mAh 3,500. Kufikisha 50,000 unahitaji seli 15, yaani karibu gramu 690 kabla ya boksi na bodi. Ikipima gramu 250, namba hiyo ni ya kuchapwa tu. Lakini ikiwa nzito usiridhike haraka, maana wapo wanaojaza mchanga. Hesabu hiihii inafaa kwa BL-5C, betri ya vitochi ambayo sasa iko kwenye redio na spika ndogo kila mahali: Nokia iliifikisha mAh 1,020. Yenye ukubwa uleule iliyoandikwa 3,000 haiwezekani.

Anayesafiri kwa ndege akumbuke kuwa kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika ni saa-wati 100, sawa na karibu mAh 27,000, na pawabenki hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhiwa.

"Simu inazima ikiwa na 20%, ina virusi"

Betri ikizeeka, ukinzani wake wa ndani hupanda. Chukua mfano wa betri yenye volti 3.6 ikiwa na 20%. Ukiwasha kamera na flashi, simu inavuta ampea 3 kwa ghafla. Kwa ukinzani wa omu 0.1, volti zinashuka hadi 3.3 na simu inaendelea. Kwa omu 0.3, zinashuka hadi 2.7 na simu inajizima kujilinda. Ndilo jambo lililoifanya Apple ikiri Desemba 2017 kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri kuukuu. Kufuta programu au kuflashi simu hakusaidii, badilisha betri.

Kubusti betri iliyokufa kwa chaja ya kubana, ile inayoitwa kobe, kunahitaji kupima kwanza kwa multimita. Ikiwa juu ya volti 2.5, ichajiwe kwa mkondo mdogo, usiozidi mA 500 kwa betri ya mAh 5,000, mpaka ifike volti 3, kisha irudi kwenye chaji ya kawaida. Iliyokaa chini ya volti 1.5 kwa zaidi ya wiki isiguswe: shaba iliyo ndani inayeyuka na inaweza kutengeneza njia ya shoti baadaye, mtu akiwa ameiweka mfukoni.

Kufunga programu zote kila dakika pia hakuokoi chaji. Mwaka 2016 Hiroshi Lockheimer wa Android na Craig Federighi wa Apple wote walilikanusha hilo, kwani kuifungua programu upya kunakula zaidi. Mandhari meusi nayo husaidia kwenye vioo vya OLED tu, ambavyo kila nukta hujiwashia mwanga wake, na si sana: utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wa 2021 ulikuta akiba ya 3% hadi 9% kwenye mwangaza wa kati. Mtandao dhaifu ndio unaokula, kwa sababu simu inapaza redio yake kuutafuta mnara.

"Betri iliyovimba itobolewe itoe hewa", na "moto wa betri haumwagiwi maji"

Dhana mbili za hatari kuliko zote. Hewa hiyo ni gesi za kemikali zilizooza ndani, zinazoweza kuwaka, na pini inayotoboa inagusanisha matabaka yaliyotenganishwa na utando mwembamba sana. Dalili za mapema: kioo kinaachana na fremu, mfuniko wa nyuma umeinuka, au simu inazunguka ukiisukuma kidogo mezani. Acha kuichaji, izime, usiibonyeze, iweke juu ya kigae au ndani ya sufuria yenye mchanga, mbali na watoto, kisha ipeleke kwa fundi. Fundi makini hulegeza gundi kwa spiriti na kuibandua betri kwa kadi ya plastiki, bila kutia bisibisi.

Ikiwaka, zima kwanza swichi ya ukutani kama ilikuwa inachaji. Maji yanafaa kwa betri ya simu: kinachohitajika ni kuipoza ili moto usienee ndani yake, na wahudumu wa ndege hufundishwa hivyohivyo. Mimina mengi, usitumie kikombe kimoja. Mchanga unazuia cheche lakini haupozi. Moshi wake una sumu, kwa hiyo fungua madirisha na watu watoke. Moto ukizimika usiiokote mapema, kwa maana betri hizi huwaka tena baada ya dakika kadhaa. Endelea kuimwagia maji mpaka ipoe, kisha isogeze nje kwa koleo na uiache kwenye ndoo ya maji usiku mzima.