Hapana, aliyekaa pembeni hadhuriki kuliko mvutaji

Nimelisikia tena, safari hii kwenye kikao cha harusi, kutoka kwa shemeji yangu mwenye chupa ya bia mkononi. Kijana mmoja alikuwa ametoka nje kuvuta sigara. Shemeji akamsindikiza kwa macho, akatikisa kichwa: "Dokta, hawa ndio wauaji. Moshi unamdhuru asiyevuta kuliko hata anayevuta. Mimi na hii yangu namdhuru nani? Najidhuru mwenyewe." Wajumbe wakaitikia. Mwenyekiti naye akaitikia. Gari la shemeji lilikuwa limeegeshwa getini.

Hapo kuna makosa mawili, na yanabebana: la kwanza linamgeuza mvutaji kuwa jini, la pili linamtakasa mnywaji. Mimi niko kitengo cha dharura, na kabla ya hapo nilikaa kliniki ya kifua muda wa kutosha kuwajua wagonjwa wa pande zote mbili. Naanza na la moshi kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi. Lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayolizuia lisife.

Mtu akipiga pafu, hewa inaingia kwa nguvu, ncha ya sigara inafika nyuzijoto 900 hivi na tumbaku inaungua vizuri kiasi. Akiishikilia tu mkononi huku anapiga stori, ncha inashuka hadi 600 hivi na kuungua nusunusu. Uunguaji wa nusunusu ndio mchafu: kaboni monoksaidi zaidi, amonia zaidi, nitrosamini (kemikali zinazoleta saratani) zaidi kwa kila gramu ya tumbaku, na moshi wenyewe haukupita kwenye kichungi. Huu ndio moshi wa pembeni, na ndio karibu asilimia 85 ya moshi unaozagaa chumbani. Hadi hapo shemeji yuko sahihi.

Ila nimesema kwa kila gramu. Ukali wa sumu ni kitu kimoja, kiasi kilichoingia mwilini ni kingine. Konyagi ni kali kuliko bia, lakini aliyelamba kizibo cha Konyagi hatalewa kumzidi aliyemaliza kreti la bia. Wewe uliyekaa meza ya pili unapata moshi uliokwisha kuchanganyika na hewa ya ukumbi mzima. Mwenzako anaupokea wa kwake moja kwa moja kifuani, pafu baada ya pafu, kutwa nzima.

Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitaja kwenye mabishano haya. Huo moshi wa pembeni wenye sumu kali, nani yuko karibu nao kuliko wote? Sigara iko vidoleni mwa nani? Mvutaji anavuta vyote viwili. Ili wewe udhurike kumzidi, ingebidi moshi umruke yeye aliyeushika, uje ukutafute wewe.

Kwa takwimu: kuishi na mvutaji kunaongeza hatari yako ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Mvutaji mwenyewe hatari yake ni mara 15 hadi 30 ya asiyevuta. Asilimia 20 na mara 20 si ndugu. Ninaowaona wakisambaza dai hili la shemeji kwenye WhatsApp nadhani waliona "20" sehemu mbili wakahitimisha mambo.

Kwenye moyo napunguza sauti kidogo. Mishipa ya moyo haifuati hesabu ya mapafu. Chembe sahani za damu, zile zinazoigandisha, huanza kunata kwa moshi kidogo sana, kwa hiyo hatari hupanda haraka mwanzoni halafu mstari unalala. Uchambuzi uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya nyongeza ya hatari ya moyo aliyonayo anayevuta 20. Ndiyo maana asiyevuta anayeishi na moshi anapata nyongeza ya asilimia 25 hadi 30 ya ugonjwa wa moyo, kiwango kikubwa kuliko dozi yake inavyostahili. Bado hamfikii mvutaji. Lakini mtu akikuambia "harufu kidogo haiui", mjibu kwa hoja ya moyo, si ya saratani.

Wala sisemi moshi wa wengine ni hadithi. Mwaka 1981 mtafiti Takeshi Hirayama alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka wake wa Japani zaidi ya 91,000 wasiovuta, akakuta wale wenye waume wavutaji wakubwa wanakufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Kampuni za tumbaku zilimwandama kwa miaka, na matokeo yake yamesimama. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yamekuwa yakicheza kati ya vifo milioni 1.2 na 1.6 kwa mwaka vya watu wasiovuta. Hesabu ya kina ya mwaka 2004 ilipata vifo 603,000, vya watoto vikiwa 165,000, wengi wao wa Afrika na Asia ya Kusini, na wengi kwa nimonia.

Hizo nimonia za watoto ndizo zinazonipa shida. Mtoto ananijia anakoroma kifua, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, tunamfungia nebulaiza, mashine ya kumvutisha dawa. Baba amesimama pale, koti linanuka sigara. "Mimi huvutia dirishani, dokta." Dirisha halisaidii, feni haisaidii, ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ililimaliza hilo. Sawa. Ila nikimgeukia mama namkuta amepikia kuni tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Moshi wa jikoni duniani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kwa mtoto huyu mmoja, ni sigara ya baba au mafiga ya mama? Siwezi kutenganisha, na sijui daktari yeyote anayeweza akiwa kitandani kwa mgonjwa. Namkemea baba kwa sababu sigara anaweza kuizima leo, na gesi wataambiwa wanunue na watu wasiojua mtungi unajazwa kwa shilingi ngapi.

Sasa "najidhuru mwenyewe" ya mnywaji.

Mwisho wa mwezi, usiku, analetwa mama aliyekuwa anakaanga mihogo kando ya barabara. Gari limeacha lami, limepita juu ya jiko, limemkuta. Paja limevunjika, na mafuta ya moto yamemuunguza mkono hadi kwenye kiwiko. Nashika mkasi nikate gauni, ananisihi nisilikate kwa sababu si lake, ameliazima. Askari anakuja na PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Mama yule hajanywa hata tone. Kwenye rejesta yetu ataandikwa "ajali ya barabarani", basi. Neno pombe halitaonekana, kwa sababu aliyekunywa hakuletwa kwangu. Yuko kituoni, au yuko kwao kalala.

Ndivyo madhara ya pombe kwa wengine yanavyopotea kwenye takwimu. Tunampima aliyelala kitandani, na aliyelala kitandani mara nyingi siye mlevi. Hata hivyo, pale ambapo watu wamejitahidi kuhesabu, hesabu inatisha: kwa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 298,000 vya ajali za barabarani zilizotokana na pombe, na 156,000 kati ya hivyo vilisababishwa na ulevi wa mtu mwingine. Zaidi ya nusu. Watembea kwa miguu, abiria wa bodaboda, muuza mihogo.

Ujauzito nitaupita haraka: pombe inaharibu ubongo wa mtoto tumboni, sigara inamzalisha na uzito pungufu, usitumie chochote. Ada ya shule iliyoishia kilabuni nayo mnaijua.

Vipigo siwezi kuvipita haraka. Tafiti za kitaifa za afya ya kaya huwauliza wanawake kama waume zao hulewa na mara ngapi, na jibu linajirudia nchi baada ya nchi: mume akilewa mara kwa mara, vipigo vinaripotiwa zaidi. Je, pombe ndiyo inayopiga? Wapo wanaokunywa miaka 30 hawajamnyanyulia mtu mkono, na wapo wasioijua ladha yake wanaovunja taya. Nadhani pombe inampa ruhusa mtu ambaye tayari ana nia, na inaongeza uzito wa kipigo. Nadhani. Pia Machi 2017 viroba, pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Tanzania, wengi tulisema majeruhi wa bodaboda wamepungua. Nilisema hivyo pia. Lakini kitengoni kwetu hatukuwa na hesabu ya kabla, kwa hiyo nisingeisimamia hoja hiyo mbele ya hakimu.

Kuna wanaonitumia ule mchoro wa mtafiti wa Uingereza David Nutt na wenzake, uliotoka kwenye jarida la Lancet 2010 ukipanga vilevi kwa madhara yake, kana kwamba umefunga mjadala. Dawa na vilevi 20, vigezo 16, pombe juu kabisa kwa alama 72, na kwenye madhara kwa wengine peke yake alama 46, heroini ikifuata kwa 21. Tumbaku jumla yake 26. Naupenda mchoro ule, ila someni umetengenezwaje. Ni wataalamu waliokaa chumbani Uingereza wakakubaliana uzito wa kila kigezo. Unapima madhara kwa taifa lao zima, kwa hiyo kinachotumiwa na wengi kinapanda. Na ulitoka wakati wavutaji wa Uingereza walishafukuzwa kutoka kwenye baa tangu 2007, wakavutia nje kwenye mvua. Ukiuhamishia mchoro kama ulivyo Mbeya au Kisumu, unahamisha na mvua.

Kwa hiyo kipi kinawadhuru wengine zaidi, moshi au pombe? Kwa vifo vilivyohesabiwa dunia nzima, moshi unaongoza. Lakini moshi umehesabiwa kwa bidii kwa zaidi ya miaka 40, na vifo vya pombe bado vinajificha kwenye rejesta kama ile yetu. Tena anayeuawa na gari la mlevi mara nyingi ni kijana, wakati saratani na moyo huchukua wazee. Kwetu wanaotumia tumbaku ni wachache: asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania kwenye utafiti wa 2018, asilimia 11.6 Kenya mwaka 2014. Nikilazimishwa kuweka sahihi kwa Afrika Mashariki, naandika pombe. Mwenzangu wa wodi ya watoto hakubali. Anasema mimi nawahesabu wanaoletwa kwa kelele, yeye anawapokea wanaokuja kimyakimya. Ana hoja, na tumeshindwa kumalizana.

Na kabla hamjaniandikia kuhusu shisha: ndiyo, nayo ina moshi wa pembeni, na makaa yake yanamwaga kaboni monoksaidi kwa meza nzima, pamoja na yule anayesema yeye ameshika bomba tu apige picha.