Damu haigandi kwa sababu ya hewa

Wakati wa kupalilia mikorosho, Newala au Nachingwea, mtu akijikata na panga utasikia: "Liache jeraha lipigwe upepo, damu itaganda." Tafadhali usiliache; ligandamize kwa kitambaa safi. Damu haikauki kama utomvu wa mkorosho. Huganda hata ndani ya mshipa, pasipo na hewa, na hiyo ni njia mojawapo ya kupata kiharusi.

Wanaoanza kazi ni chembe sahani, vipande vidogo vya seli vinavyoelea katika damu, 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Juu yake zina vipokezi, yaani protini zinazopokea ishara kutoka nje. Mshipa ukichanika, kolajeni, protini ya nyuzinyuzi iliyo katika ukuta wake, hugusa vipokezi hivyo. Chembe huamka, hunata, kisha humwaga ADP, molekuli ndogo inayoamsha zilizo jirani. Ni ajabu kweli: kitu kidogo hivyo, na damu inasimama! Watafiti waliitambua kazi ya ADP mwaka 1961.

Kwa kuwa molekuli ndogo yaweza kuamsha chembe kupitia kipokezi, watengenezaji dawa hupima molekuli nyingi, wakitafuta inayokiamsha kipokezi fulani. Dawa ya eltrombopag, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, huamsha kipokezi cha thrombopoyetini, homoni inayochochea utengenezaji wa chembe sahani, na uboho ukatengeneza chembe sahani zaidi.