Mwalimu, titi limejaa na darasa limejaa

Kwa sheria ya Tanzania Bara, likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Piga hesabu: mama wa mtoto mmoja anarudi kazini mwanawe hajamaliza hata miezi 3, na Shirika la Afya Duniani linasema mtoto apewe maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi 6. Hapo katikati ndipo wanapotoka jasho walimu wa chekechea na walezi wa vituo vya watoto hapa Tanga. Wanawaacha watoto wao Makorora, wanakwenda kubembeleza wa wenzao Chumbageni. Maswali yao juu ya kunyonyesha na kukamua maziwa kazini ni haya.

Nina watoto 20 wa miaka mitatu mitatu. Nikamue saa ngapi, na nani atabaki nao?

Kamua kila baada ya saa tatu hivi, karibu na mwendo ambao mtoto angenyonya. Mnyonyeshe saa 12 na nusu ukiwa mlangoni unatoka. Kamua saa 3 na nusu watoto wakinywa uji, kisha saa 6 na nusu wakiwa wamelala mkekani. Ukirudi saa 9 na nusu, nawa mikono umpe titi, mengine baadaye.

Kuhusu nani atabaki, hapo sina mzaha. Usikamue huku unachungulia darasa. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji zaidi ya dakika moja kumeza shanga. Na wewe mwenyewe, roho ikiwa juu juu, maziwa hayashuki vizuri, maana wasiwasi huizuia homoni ya oksitosini inayoyasukuma. Lazima awepo mtu mzima mwingine, na jina lake liandikwe kwenye ratiba ya ukutani pamoja na saa yake. Ile ya "shoga, nishikie darasa kidogo" haidumu. Anayeomba kila siku huona haya, na wiki haiishi ameacha kukamua.

Mwenye kituo anasema hizo ni dakika za kazi zinazopotea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Imetaja kunyonyesha, haikutaja kukamua. Lakini kama mtoto yuko mbali na huwezi kuletewa, omba muda huo huo uwe wa kukamua. Nenda na ratiba iliyoandikwa, maana bosi hukataa kwa urahisi jambo la mdomoni. Dakika 30 mara mbili ni saa moja tu. Binti anayelea mtoto nyumbani kwa watu naye ni mfanyakazi, sheria ni hiyo hiyo. Mkishindwana kabisa, yupo afisa kazi, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Sina pampu, na za dukani ni ghali.

Una mikono. Wapo wanaotoa mengi kwa mkono kuliko kwa pampu, na mkono hauna mipira ya kuchemsha. Nawa kwa sabuni hadi kwenye kucha, hasa kama umetoka kufuta kamasi na kubadilisha nepi. Kaa, jifunike kanga, kunywa maji. Lisugue titi taratibu kuelekea kwenye chuchu. Weka dole gumba juu na vidole viwili chini, pembeni ya sehemu nyeusi, si kwenye chuchu yenyewe. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze kwenye ngozi. Ukiona ngozi inawaka, unavuta badala ya kubana. Dakika ya kwanza yatatoka matone tu, usikate tamaa, yatakuja kuruka yenyewe. Yakipungua hamia titi la pili, kisha rudi la kwanza. Yote huchukua dakika 20 hadi 30. Anza kujizoeza wiki mbili kabla likizo haijaisha, usingoje siku ya kurudi.

Kituo hakina friji, na hili joto la Februari?

Kwenye nyuzi 25 au chini ya hapo, maziwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4. Chumba cha Tanga mchana hupita hapo, kwa hiyo usiyaache mezani kabisa. Tafuta deli dogo lenye mfuniko unaobana, jaza chupa za maji zilizoganda, weka humo maziwa yakiwa kwenye chombo safi kilichofungwa. Barafu ikiwa bado imeganda, yanakaa hadi saa 24. Kwenye friji nyumbani ni siku 4, ila weka ndani kabisa, si mlangoni. Kuna aliyeniuliza juu ya mtungi. Mtungi unapoza maji ya kunywa, lakini baridi yake haifiki ya friji.

Mama mkwe anasema maziwa yaliyokaa kifuani kutwa yamechacha.

Mkalishe kwa adabu yake, mwambie titi si sufuria. Maziwa hayachachi humo. Yale ya mwanzo huwa mepesi, ya mwisho mazito, na yaliyokaa kwenye chombo hujitenga, mafuta yakapanda juu. Yazungushe taratibu yachanganyike.

Mtoto wa darasani akilia tu, blauzi yangu inaloa.

Mwili haujui kilio ni cha nani. Kunja mikono kifuani, ubane matiti kwa viganja mpaka mchonyoto upite. Weka kitambaa cha pamba ndani ya sidiria, ukibadilishe kikiloa. Na watoto wakiuliza "mwalimu umemwagikiwa?", waambie ni maziwa ya mdogo wao. Wataridhika kuliko unavyodhani.

Tuko wawili tunaonyonyesha, deli ni moja.

Andikeni jina, tarehe na saa kwenye kila chombo. Virusi vya UKIMWI huweza kupita kwenye maziwa. Tena kwa Waislamu kuna suala la ndugu wa kunyonya, ambao hawaoani. Hili si la kulifanyia makosa kwa sababu ya vifuniko vinavyofanana.

Titi limekuwa gumu kama nazi, linauma.

Limejaa. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, likande kidogo, kamua mpaka lilainike, halafu tuliza kwa kitambaa cha baridi. Usiache kunyonyesha. Likiwa jekundu, ukawa na homa na baridi inayotetemesha, usipitishe siku: nenda kituo cha afya, kwani likiachwa laweza kuwa jipu.

Bibi wa mtoto ampeje maziwa niliyokamua?

Kwa kikombe kidogo kisafi, mtoto amekaa wima, ukingo ugusane na mdomo wake na alambe mwenyewe, asimiminiwe. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa yenye chuchu. Kupasha moto ni kukitumbukiza chombo kwenye bakuli la maji ya moto, si kuchemsha jikoni wala maikrowevu. Amimine kidogo kidogo, aongeze mtoto akitaka. Yatakayobaki kwenye kikombe alichokunywea yasikae kwa muda unaozidi saa 2, na najua inauma kuyamwaga ukikumbuka ulivyoyapata.