Je, wajua kwa nini Xerox ilitengeneza kompyuta ya leo, lakini faida wakaila wengine?

Ukipita Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, utakuta kalenda, kadi za harusi na mabango ya wagombea yakisanifiwa kwenye skrini. Kijana anasogeza kipanya, anafungua dirisha hili, anafunga lile, kisha anatuma kazi kwenye printa ya leza. Kampuni iliyoviweka vitu hivyo pamoja mapema kabisa si Apple wala Microsoft. Ni Xerox, ile ya mashine za fotokopi. Mbona basi haikutajirika kwa kompyuta?

Mwaka 1970 Xerox ilifungua kituo cha utafiti, PARC, mjini Palo Alto, California. Kufikia 1973 wataalamu wake walikuwa na Alto, kompyuta ya mtu mmoja yenye skrini ya picha na kipanya. (Kipanya hawakukibuni wao. Douglas Engelbart alishakionyesha hadharani mwaka 1968, na mfano wake wa kwanza ulikuwa wa mbao.) Mwaka huohuo wa 1973, Robert Metcalfe wa PARC akaanza kubuni Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta za ofisi kwa waya.

Akili zilikuwepo, tena za kutosha. Lakini wakubwa walikaa Connecticut, upande wa pili wa nchi, na pesa yao ilitoka kwenye karatasi: mteja alikodi mashine, akalipa kadiri alivyonakili. Umwonyeshe mtu wa biashara hiyo nyaraka zinazosomwa kwenye skrini, achangamke? Kwa maoni yangu, ndiyo sababu kitu walichokiuza vizuri kutoka PARC ni printa ya leza, kwa kuwa ilikula karatasi. Hata hiyo nusura waipoteze. Mbunifu wake, Gary Starkweather, alivunjwa moyo na mabosi wake jimboni New York hadi akahamia PARC mwaka 1971. Printa hiyo, 9700, iliingia sokoni mwaka 1977 na kuwaingizia fedha nyingi.

Kompyuta waliyoitoa hatimaye kwa ajili ya ofisi, Star, ilifika mwaka 1981 kwa zaidi ya dola 16,000, na peke yake haikufaa sana. Ilihitaji mtandao, mashine ya kuhifadhi mafaili na printa. Miezi michache baadaye IBM ikaleta PC yake kuanzia dola 1,565. Haikuwa na madirisha wala kipanya, ila wengi waliimudu.

Husemwa kwamba Steve Jobs wa Apple aliiba mawazo ya PARC. Hapana, alikaribishwa. Mwaka 1979 Xerox iliruhusiwa kununua hisa 100,000 za Apple kwa dola milioni 1, nayo ikawafungulia Apple milango ya PARC. Cha kuchekesha ni kwamba Apple nayo ilijikwaa palepale: kompyuta yake Lisa, ya mwaka 1983, iliuzwa dola 9,995, ikadoda. Macintosh ilipotoka mwaka 1984 kwa dola 2,495 ndipo watu wakaanza kununua.

Wakati huo wataalamu wa PARC walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Metcalfe alianzisha 3Com, kampuni ya vifaa vya mtandao, Charles Simonyi akaenda Microsoft kutengeneza Word, programu ya kuandikia, na John Warnock na Charles Geschke wakaanzisha kampuni ya programu, Adobe, mwaka 1982. Xerox iliishtaki Apple mwaka 1989 kuhusu muonekano wa skrini za kompyuta zake. Mwaka uliofuata jaji akatupilia mbali sehemu kubwa ya madai yake.