Vyumba sita juu ya ardhi ya mtu: nyumba ya babu na mkopo wa mjukuu

Kazi yangu ni kuthamini ardhi na majengo hapa Mombasa, na kwa kuwa warithi wengi hunijia kabla ya kwenda kwa Kadhi, nimezoea kusikia lalamiko moja likirudiwa na watu tofauti. Kijana mwenye shahada na mshahara wa kila mwezi anauliza ilikuwaje babu yake, aliyekuwa kuli katika bandari ya Kilindini na ambaye hakuwahi kukanyaga benki, akawa na nyumba ya vyumba sita katika mtaa wa Majengo, ilhali yeye anahama kutoka bedsita moja, yaani chumba kimoja cha kupanga, hadi nyingine kila kodi inapopanda. Jibu analolitarajia ni kwamba zamani nyumba zilikuwa rahisi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini linaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba kitu alichomiliki babu na kitu anachotakiwa kukinunua mjukuu si kimoja.

Mara nyingi babu alimiliki nyumba tu. Ardhi iliyoibeba nyumba hiyo ilikuwa ya mwingine, mwenye shamba, ambaye alilipwa kodi ndogo ya ardhi na kutoa risiti ambazo familia kadhaa bado zinazihifadhi ndani ya masanduku. Utaratibu huu tunauita nyumba bila ardhi, na ndio uliojenga Majengo pamoja na sehemu kubwa za Kisauni, Likoni na Changamwe. Wanaosoma sheria ya Kiingereza hushangaa, kwa kuwa sheria hiyo huhesabu kilichojengwa juu ya ardhi kuwa sehemu ya ardhi yenyewe. Mwambao huu, hata hivyo, ulikuwa na desturi zake na sheria ya Kiislamu kabla ya mkoloni kufika, na kwa mujibu wake mtu aliweza kumiliki minazi bila kumiliki shamba, na vivyo hivyo akamiliki nyumba bila kumiliki kiwanja. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuyasikiliza madai ya ardhi ya pwani chini ya sheria ya mwaka 1908, waliotoka na hati walikuwa wachache kuliko waliokuwa wakiishi na kulima juu ya ardhi hiyo, na waliobaki wakaendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye hati.

Ridhaa hiyo ilikuwa na masharti. Mwenye shamba aliweza kumtaka mwenye nyumba aiondoe nyumba yake, na kwa sababu hiyo mara nyingi hakuruhusu kujengwa kwa mawe. Nyumba ikasimamishwa kwa boriti za mikoko, fito na udongo, ikaezekwa kwa makuti. Mabati yakafuata baadaye, kisha sakafu ya saruji, kisha lipu ukutani. Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo ilipo siri ya unafuu wa wakati ule. Mtu hakuhitaji fedha zote kwa pamoja. Alianza na vyumba viwili na choo cha uani, akaongeza kimoja alipopata malipo mazuri ya meli, akaongeza kingine mkewe alipopokea zamu yake katika mchezo wa akina mama, ule ambao kwingine huitwa upatu. Vyumba vilipofika sita, vitatu kila upande wa ukumbi, familia ilikaa katika viwili na kupangisha vinne, na kodi ya vile vinne ndiyo iliyonunua mabati. Nyumba ilijilipia yenyewe, na hapakuwa na riba ndani yake.

Nisieleweke kuwa ninausifu wakati ule kwa upofu. Wale waliopanga katika vyumba vile vinne hawakuwa na nafuu hata kidogo. Mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Mombasa wa Januari 1947 ulitokana kwa sehemu kubwa na mishahara isiyotosha chakula na kodi ya nyumba, na malalamiko kuhusu makazi yalikuwa yameshasikika katika migomo ya mwaka 1939. Aliyefaidika na mpango wa nyumba bila ardhi ni yule aliyewahi mapema na mwenye jamaa wa kumtambulisha kwa mwenye shamba.

Kizazi cha pili kilikuta nyumba imesimama, na ugumu wake ulikuja kwa njia ya mirathi. Chukua mzee aliyeacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki kinagawanywa ili kila mwana wa kiume apate mara mbili ya binti. Hesabu inakaa sawasawa katika mafungu manane: mama fungu moja, kila mwana mafungu mawili, kila binti fungu moja. Fungu moja la nyumba ya vyumba sita ni robo tatu ya chumba. Mmoja wa wale wana akifariki naye akaacha familia ya idadi hiyo hiyo, binti yake, hata kabla ya kutolewa fungu la bibi yake aliye hai, atapata sehemu moja kati ya thelathini na mbili, ambayo haifiki hata moja ya tano ya chumba. Nimeketi barazani mara nyingi na ndugu wanaopendana kwa dhati huku nikiwaeleza hesabu hii, na sijawahi kuizoea. Nyumba haikatiki, fedha za kumlipa ndugu ili aachie fungu lake hazipo, na benki haiwezi kuipokea kama dhamana kwa kuwa hatimiliki ya ardhi iko kwa mtu mwingine. Ndipo anapotokea dalali akiwa na mnunuzi aliyekwisha kuafikiana na mwenye shamba, na baada ya mwaka mmoja au miwili panasimama ghorofa ambalo hakuna mrithi hata mmoja anayeweza kulipia kodi ya fleti yake.

Wakati huo huo watu wameongezeka. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu 247,073 Mombasa. Ya mwaka 2019 ilihesabu 1,208,333, karibu mara tano, katika kaunti ambayo nchi kavu yake ni takribani kilomita za mraba 220. Ardhi ambayo zamani ilikodishwa kwa fedha kidogo sasa ndiyo inayobeba uzito mkubwa wa bei ya nyumba, na mjukuu anatakiwa kuilipia pamoja na jengo lililokamilika, vyote kwa siku moja.

Kwa kuwa hana fedha hizo, anakopa. Mkopo wa shilingi milioni 3 kwa riba ya asilimia 14, unaolipwa kwa miaka 20, unadai takribani shilingi 37,300 kila mwezi, na hadi utakapoisha atakuwa amelipa karibu milioni 9. Tukifuata kanuni kwamba makazi yasile zaidi ya theluthi ya mapato, mkopaji huyo anahitaji kipato cha takribani shilingi 112,000 kwa mwezi. Riba ikishuka hadi asilimia 9.5, malipo yanakuwa karibu 28,000, nafuu kubwa ambayo bado haimfikii mwalimu anayeanza kazi wala mwendesha tuktuk. Waislamu wanaoepuka riba wana benki za Kiislamu, zilizoanza nchini mwaka 2008, lakini kule nako malipo ya kila mwezi hutokana na bei ile ile ya ardhi.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ninaunga mkono nia yake, kwani Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeyafanya makazi kuwa haki. Wasiwasi wangu ni kwamba mpango mzima umejengwa juu ya nyumba iliyokamilika, wakati uwezo mkubwa wa familia za Mombasa umekuwa siku zote kujenga chumba baada ya chumba pale ardhi inapopatikana. Huko Likoni, serikali ililinunua shamba la takribani ekari 930 lililokuwa na mgogoro wa miaka mingi, na mwaka 2016 hatimiliki zikaanza kutolewa kwa wakazi ambao nyumba zao zilikuwa zimekwisha kusimama. Kilichopungua pale kilikuwa ardhi, na ndicho kilichonunuliwa.

Kwa hiyo warithi wanaponijia na nyumba ya udongo iliyo juu ya shamba la mtu, siku hizi siianzi kazi kwa kupima vyumba. Ninawaomba kwanza wazilete risiti zote za kodi ya ardhi, za babu na za baba, kisha tunakwenda pamoja kwa mwenye shamba kumuuliza atawauzia kiwanja kwa bei gani, na kama atakubali kulipwa kwa awamu, kabla dalali hajafika.