Namba ya kikomo cha sumu hutoka wapi? Dhana potofu kuhusu wanasayansi wa serikali

Mamlaka ikitangaza kwamba maji ya mahali fulani yana arseniki, au kwamba dawa fulani ya kuulia wadudu imepigwa marufuku, haichukui muda watu wakagawanyika. Wako wanaosema tumekwisha, na wako wanaosema kuna mtu kahongwa. Wachache huuliza namba iliyotangazwa ilipatikanaje, ilhali ubishi mwingi ungeanzia hapo.

Dhana: Kitu kikishaitwa sumu, kinadhuru popote kilipo

Ukweli: Wataalamu hutenganisha maswali mawili. Kitu hiki kina uwezo wa kudhuru? Na je, kwa kiasi ambacho watu hawa wanakipata, kuna uwezekano gani kwamba kitawadhuru? Asidi kali iliyofungwa vizuri stoo ina jibu la "ndiyo" kwa swali la kwanza, na karibu "hakuna" kwa la pili.

Mkanganyiko wa maswali haya ulionekana wazi Oktoba 2015, pale IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilipoiweka nyama ya kusindikwa kwenye Kundi la 1, lile lile lenye tumbaku na asbesto. Vyombo vya habari vikapiga kelele kwamba soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Kundi hilo linaonyesha uzito wa ushahidi kwamba kitu husababisha saratani. Halisemi kinawaathiri watu wangapi. Shirika hilo hilo lilieleza kwamba gramu 50 za nyama hiyo kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Sigara huzidisha uwezekano wa saratani ya mapafu kwa mara kumi na zaidi.

Tathmini kamili hupita hatua nne, kwa mpangilio uliowekwa Marekani mwaka 1983 na Baraza la Taifa la Utafiti, ambao nchi nyingi ziliufuata: kutambua madhara, kuona kiasi gani huleta madhara gani, kukadiria watu wanapata kiasi gani, kisha kuunganisha yote. IARC huishia hatua ya kwanza. Hatua ya tatu ndiyo yenye jasho. Huwezi kuifanyia maabara peke yake. Inabidi ujue watu wanakunywa maji kiasi gani, wanavuta hewa ipi, na watoto wao wanacheza wapi. Mtoto mdogo hunywa maji mengi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, na hutia mikono mdomoni, kwa hiyo udongo ambao mtu mzima anaupita tu, yeye anaula.

Dhana: Chini ya kikomo ni salama, ukivuka tu unaugua

Ukweli: Tufanye hesabu yenyewe, kwa kemikali ya kufikirika. Panya wamelishwa viwango mbalimbali kwa miaka miwili, na kiwango cha juu kabisa ambacho hakikuwaletea madhara ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wao kwa siku. Namba hiyo hugawanywa kwa 10, kwa sababu binadamu si panya na huenda akaathirika haraka zaidi. Hugawanywa tena kwa 10, kwa sababu watu hawafanani: kuna wajawazito, wazee, wagonjwa wa figo. Inabaki miligramu 0.1. Ukichukua mtu wa kilo 60, ni miligramu 6 kwa siku. Lakini kemikali hiyo huenda inamfikia pia kwa chakula na hewa, kwa hiyo maji yanapewa fungu la asilimia 20 tu, yaani miligramu 1.2. Akinywa lita mbili kwa siku, kikomo kinakuwa miligramu 0.6 kwa lita.

Kila kigawanyo hapo ni uamuzi wa binadamu, na kimeandikwa ili mwingine akipinge. Ndiyo maana maji yenye miligramu 0.7 hayamlazi mtu hospitalini kesho yake, na pia ndiyo maana si jambo la kupuuza yakiendelea hivyo miaka nenda rudi.

Kuna sumu ambazo hesabu hii inazigomea. Madini ya risasi hayajulikani kuwa na kiwango kisichodhuru ubongo wa mtoto. Mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, lakini shirika lenyewe limeuita wa muda na kusema umezingatia kinachowezekana kwa mitambo na mabomba yaliyopo. Anayekwambia kwamba mikrogramu 9 za risasi ni salama hajausoma mwongozo.

Dhana: Kilicho salama kwa binadamu ni salama kwa viumbe vingine

Ukweli: Waulize tumbusi wa Asia Kusini. Diklofenaki ni dawa ya maumivu iliyotumiwa na watu kwa miaka mingi, na ilipoanza kupewa ng'ombe iliwasaidia. Ng'ombe akifa muda mfupi baada ya kutibiwa, tumbusi walikula mzoga, figo zao zikashindwa kazi, na asidi ya mkojo ikaganda nyeupe juu ya viungo vya ndani. Aina tatu za ndege hao zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Chanzo kilipatikana kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikazuia dawa hiyo kwa mifugo. Kipimo chochote cha afya ya mtu au ng'ombe kisingeliona tatizo hilo.

Kwa kawaida tathmini ya mazingira ya maji huanza na viumbe vya ngazi tatu: mwani kwa saa 72, dafnia kwa saa 48, samaki kwa saa 96. Dafnia ni mnyama mdogo wa maji baridi, jamaa wa mbali wa kamba. Mtaalamu hutikisa chombo taratibu na kuhesabu: asiyeogelea ndani ya sekunde 15 anaandikwa kuwa ameathirika. Ni kipimo kizuri na rahisi, ila hakiwakilishi kila kiumbe. Mwaka 2020 ilibainika kwamba kemikali itokanayo na matairi ya magari, ikisombwa na mvua, huua samaki wa samoni wa aina ya coho magharibi mwa Marekani. Samoni wa aina ya chum, ndugu zao, huvumilia maji yale yale.

Dhana: Kampuni zinajipima, serikali inagonga muhuri

Ukweli: Hii ina chembe ya kweli. Katika nchi nyingi anayetaka kuuza kemikali ndiye anayelipia majaribio. Miaka ya 1970 iligundulika kwamba maabara ya Marekani iitwayo Industrial Bio-Test ilighushi data, na wahusika watatu wakatiwa hatiani mwaka 1983. Kashfa hiyo ilisukuma kanuni za leo: kila mnyama aliyekufa na kila upimaji wa uzito uandikwe, data ghafi zitunzwe, wakaguzi waweze kuja. Kwa maoni yangu udhaifu mkubwa zaidi uko kwingine. Kemikali hupimwa mojamoja, na mtu huishi na mchanganyiko.

Dhana: Mwanasayansi ndiye anayepiga marufuku

Ukweli: Hapana. Yeye hueleza ukubwa wa tatizo. Kuzuia, kutoza au kuvumilia ni uamuzi wa waziri, bodi au bunge, ambao hupima pia gharama na njia mbadala.

Dhana: Namba hubadilika kila mara, maana yake hawajui

Ukweli: Kikomo cha arseniki kwenye maji Marekani kilikuwa mikrogramu 50 kwa lita tangu 1942, mwaka 2001 kikashushwa hadi 10. Mwongozo wa WHO wa wastani wa mwaka kwa chembe laini za hewani ulikuwa mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo mwaka 2005, ukawa 5 mwaka 2021. Watu walikuwa wamefuatiliwa muda mrefu zaidi, na madhara yakaonekana kwa viwango vya chini kuliko ilivyodhaniwa.

Na si kila mara sheria hukaza. Sakarini, kitamu bandia kinachotumiwa badala ya sukari, iliwekwa kwenye orodha ya Marekani ya visababishi vya saratani mwaka 1981, baada ya panya kupata uvimbe kwenye kibofu. Baadaye ikaeleweka kwamba uvimbe ule ulitokana na chembe ngumu zinazojijenga kwenye mkojo wa panya, jambo ambalo halimtokei binadamu. Mwaka 2000 ikaondolewa.